Samaki wa Kwenye Kafi

Roho ya Arlette haikuwa na raha tangu wingu la kwanza la msimu lilipojitokeza upande wa Ubwari. Majirani zake pale Baraka, mji wa kando ya ziwa, waliliona wakashukuru, maana mihogo ilikuwa ikingoja maji. Yeye aliliona akashika tama. Mama yake, Émilienne, alikuwa amekwisha kutoa hukumu, na mama huyo akisema amesema.

"Arlette, mutoto wangu, rangi hailishake muntu," alimwambia. "Mvua ya kwanza ikinyesha, unaenda Lubondja kwa kaka yako, unalima. Burashi utaiacha hapa."

Kuiacha burashi! Afadhali angeambiwa aache kula. Msichana huyo alikuwa mchoraji asiye na bwana wala duka. Alisaga udongo mwekundu wa kando ya barabara ya Nundu, akauchanganya na mabaki ya rangi aliyoombaomba kwa mafundi wa mitumbwi, kisha akachora chochote kilichokaa kimya mbele yake: vigoda, vifuniko vya sufuria, hata mlango wa banda la kuku. Jirani yao Yunusu, mvuvi, alikuwa akilalamika kwamba kafi lake linachanganywa na ya wenzake ufuoni, akamwomba alitie alama tu. Arlette alikaa nalo kutwa nzima. Alimchora mukeke, yule samaki mwembamba wa ziwa, amejipinda kuufuata ubapa wa kafi kana kwamba ameponyoka wavuni sasa hivi. Alipomtia jicho alicheka peke yake. Hakudai kitu. Yunusu akaenda zake ziwani, naye akalisahau kafi.

Lakini kucheka peke yako hakukuzuii kupelekwa Lubondja. Mawingu yalipozidi, alimwendea Bertin, kijana aliyeuza picha sokoni kwa maneno mengi kuliko rangi.

"We unakaa mu nyumba, nani atakuona?" Bertin alimcheka. "Fanya simba, fanya malaika, fanya bacheza mupira. Fanya mbiombio, tembeza! Bantu banapenda vile."

Mfa maji haachi kutapatapa. Arlette alizichora picha juu ya vipande vya katoni kama mtu anayefukuzwa. Simba walitoka na nyuso za mbuzi. Malaika wakatoka na mabawa yasiyolingana. Hakuipenda hata moja, na alijua kwa nini, ila woga ulikuwa umemziba macho. Akajitwika rundo, akalizunguka soko zima akinadi mpaka koo likamkauka. Wauza ndagala, dagaa wa ziwani, walimwonea huruma, lakini huruma hainunui simba mwenye uso wa mbuzi.

Mbingu zilikuwa nyeusi tii alipomsimamisha mzee mmoja mwenye koti safi, ambaye hakuwahi kumwona pale. Huyo alikuwa Mahmudu, mwenye mashua, kutoka Mboko, kijiji kingine cha ufuoni.

"Papa, angalia picha, muzuri sana!"

Mahmudu akaangalia simba. Akaangalia malaika. Akazirudisha kwa vidole viwili.

"Apana, mutoto wangu. Mi niko na mashua mupya, inangoja rangi. Natafuta ule alichora mukeke ku kafi. Muvuvi moya alifika nayo kwetu, bantu bote bakajaa kuiangalia. Alienda, sikupata nafasi ya kumuuliza. Najua tu ni kafi ya Baraka. Unamujua mwenye alichora?"

Furaha na aibu zilimjia Arlette pamoja, na aibu ikatangulia. Aseme vipi kuwa ni yeye, na wale simba wako mikononi mwake?

"Ni mi, papa," alinong'ona. "Ni mi njo nilifanya."

Mzee akamtazama, akalitazama rundo. "Usinichezee. Mukono wa hii hauwezi fanya ile." Akageuka, akashika njia.

Hapo tone la kwanza la mvua likamdondokea Arlette kiganjani. Aliiona Lubondja nzima katika tone lile, na jembe lake, na burashi ikikaukia juu ya dari. Akaokota kipande cha mkaa kwenye jiko la mama aliyechoma mihogo, akapiga magoti, akaigeuza katoni moja na kuanza kuchora mgongoni mwake.

"Papa! Ngoja, angalia!"

Kichwa cha samaki alikianza mara mbili. Tumboni mkono ukatulia. Kufika mkiani alikuwa amesahau mvua, amemsahau mama yake, amesahau kama kuna mzee anayeondoka. Alipomtia jicho, alicheka peke yake.

Alipoinua uso, hakuwa akinyeshewa. Mahmudu alikuwa amesimama juu yake, amelitandaza koti lake safi ili mkaa usioshwe. Mzee aliichukua katoni, akamtazama samaki, akaigeuza akamtazama simba, akamrudia samaki.

"Na hii simba, ulifanya sababu ya nini?"

"Sababu ya woga, papa."

"Basi woga iache hapa ku soko. Twende kwa mama yako, nimuombe ruhusa. Mashua inangoja."

Kafi moja, ambalo hakuna aliyelinadi, lilifika Mboko na kurudi na kazi. Rundo lililonadiwa soko zima nusura liifukuze. Waliosema walikwisha sema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.