Picha Zilizojua Kwao

Hapo zamani, na wala si zamani ile ya fisi kuposa na sungura kuamua kesi, bali zamani ya juzi tu, simu zilipokuwa zimekwisha kuingia hata misituni, aliishi katika kijiji cha Ntumbili, kusini ya Tabora, mfuga nyuki mmoja jina lake Igulu Kasembe. Hakuwa Igulu tu, maana Ntumbili ilikuwa na akina Igulu wengine. Alikuwa Igulu Kasembe, na aliyemwita kwa nusu ya jina hakuitikiwa.

Mizinga yake ilitundikwa miyomboni, mbali na kijiji, na kila mahali palipokuwa na mzinga palikuwa na jina, la mti au la bonde. Palikuwa na Mninga wa Radi, palikuwa na Mtundu wa Binti Kapela, palikuwa na Bonde la Nyati Mgonjwa. Majina hayo aliyapata kwa baba yake, naye hakuyapunguza wala hakuyaongeza.

Kila mzinga wake ulikuwa na alama moja: mikato miwili iliyolala na mmoja uliosimama. Alama hiyo ilichanjwa ubavuni na kifunikoni kwa patasi ya baba yake. Kwa wafuga nyuki wa Ntumbili, alama ndiyo jina la mwenye mzinga. Mti mmoja huweza kubeba mizinga ya watu wawili, lakini alama moja haibebi watu wawili, kwa kuwa siku ya kurina hawakosi kugombana. Kwa hiyo patasi haigawanywi. Hurithiwa na mtu mmoja, naye ndiye anayejulikana na msitu.

Tena ilikuwako sheria hii: mzinga usioguswa na mwenyewe au mtu wa nyumba yake kwa misimu miwili ni mzinga wa msitu. Atakayeupata wa kwanza huifuta alama ya zamani na kuchanja ya kwake, wala hashitakiwi.

Basi macho ya Mzee Igulu Kasembe yakaanza kuingia ukungu. Daktari akamwambia ni presha ya macho, na nuru iliyokwisha kuondoka hairudi. Mzee hakulia. Alirudi nyumbani, akamwita mkwe wake Mihayo, mume wa Nyamizi, binti yake wa pekee.

"Mihayo."

"Naam, baba."

"Hiyo simu yako inapiga picha?"

"Inapiga, baba."

"Twende msituni kabla sijazimika. Nitakuonyesha mizinga yote, nawe uipige picha. Nikipofuka, wengine waione kwa ajili yangu."

Wakaenda, kiangazi, miti ikiwa imepukutisha majani. Walitembea asubuhi tu. Jua likishakuwa kali walipumzika kambini. Simu ilipomuuliza Mihayo kama kamera iruhusiwe kujua mahali alipo, alikubali. Na kila walipofika penye mzinga aliinua simu, akangoja.

"Unamngoja nani?" akauliza Mzee.

"Naingoja simu ijue tulipo, baba."

"Mimi najua tulipo. Tupo Mninga wa Radi."

"Wewe unajua, baba. Simu bado."

Mzee akacheka kidogo, jambo lililokuwa adimu kwake. Mihayo akangoja, simu ikajua, ndipo akapiga picha. Hivyo kila picha ikawa na mahali pake ndani yake, kama mtoto aliyefundishwa kutaja kwao.

Lakini Mihayo alikuwa mkwe, na mkwe wa Ntumbili hapiti chini ya mzinga wa baba mkwe wake. Kupita hapo ni kama kuingia chumbani mwake. Kwa hiyo Mihayo alisimama mbali kwa adabu, jua likiwa mgongoni ili picha itoke safi, na kivuli chake mwenyewe kikilala mbele yake nyasini.

Waliporudi, Mihayo alizituma picha zote katika kundi la ukoo la WhatsApp, nao ukoo ukapongeza. Kisha akaenda mjini kwa Chilongani, mwenye duka la picha, apigiwe chapa chache. Chilongani alikuwa Mgogo, na kwa hiyo mtani wa kila Mnyamwezi aliyevuka mlango wake.

"Nikutumie kwa WhatsApp?" Mihayo akauliza.

"Ukitaka picha zifike zimevuliwa nguo, tuma," akasema Chilongani. "Huko njiani picha hunyang'anywa mahali pake. Lete simu, nitachomeka waya."

Akachomeka waya. Kompyuta nayo ikamuuliza: nafasi imekaribia kujaa, nizipunguze ukubwa hizi picha? Chilongani aliijua programu yake. Alijua kwamba picha ikipunguzwa hapo, mahali pake huachwa nje. Akauliza, "Hii mizinga ni ya nani?" Mihayo akamwambia ni ya Mzee Igulu Kasembe, naye anapofuka. Chilongani akapekua mafaili yake. Kisha akafuta video ya harusi yake mwenyewe, nafasi ikapatikana, na picha zikaingia nzima, na mahali pake, na saa yake, bila kupungukiwa na kitu.

Msimu wa kwanza ukapita Mzee akiwa hospitalini, na aliporudi alikuwa haoni kitu. Mizinga haikuguswa, kwa kuwa Mihayo na Nyamizi walikuwa wakimuuguza.

Msimu wa pili ulipokaribia, Mihayo alikuwa akichemsha nta uani. Akainama kuchochea moto. Simu ikachomoka mfukoni mwa shati, ikaangukia katika nta inayochemka. Mihayo hakufikiri. Aliingiza mkono, akaitoa. Simu ilikuwa imekufa, na ngozi ya mkono ilitoka pamoja na nta.

Wakafungua zile picha za kundi la ukoo. Waliona nini? Mti. Mti mwingine. Mti mwingine tena. Nyamizi akazibonyeza moja moja akitafuta mahali zilipopigwa, asipate neno. Picha zilikuwa bubu, na zile za dukani kwa Chilongani walidhani zilifutwa baada ya kupigwa chapa.

Mihayo, mkono umefungwa bandeji, akasema ataikumbuka njia, aipate mizinga, kisha wengine waje kuirina. Akaingia msituni. Lakini sasa mvua zilikuwa zimenyesha, majani yamefunga, na nyasi zimempita kimo. Aliona mizinga miwili tu, akapotea, akarudi na mkono uliovimba mpaka kwapani. Wakamlaza hospitalini.

Ndipo Mzee Igulu Kasembe akatoa patasi, akaiweka mapajani, akasema mbele ya majirani: "Sina mwana wa kiume, na wala simtafuti. Atakayenirudishia mizinga yangu kabla msimu haujapita, huyo ndiye mwenye patasi."

Neno likafika mjini. Kesho yake sauti ikasikika uani.

"Hodi, wabeba mizigo!"

"Karibu, muuza maji," akajibu Mzee, akamtambua mtani wake wa siku nyingi Chilongani kwa sauti, kabla hajaguswa mkono.

"Babu zenu walipita kwetu Ugogo na pembe za ndovu mabegani, wakatulipa ndipo wanywe maji. Leo mimi ndiye niliyewabebea mzigo, tena sidai hata kikombe."

"Mgogo akibeba mzigo, uchunguzwe kwanza. Umebeba nini?"

"Mizinga yako yote." Akafungua kompyuta mpakato. "Picha zote zipo, na kila moja inasema ilipopigwa."

Mzee akasogea karibu na kompyuta. Kisha akasema, "Ya kwanza inasemaje?"

"Inasema Sikonge."

"Na ya pili?"

"Sikonge."

"Na ya tatu ni Sikonge pia? Msitu wote huo unaitwa Sikonge? Hicho chombo chako kimesomeshwa na nani?"

"Tulia, mtani. Hilo ni jina la wilaya; chini yake kuna tarakimu, na tarakimu hazikosei mti. Jina ndilo sina. Nitajie wewe, niliandike."

Wakakaa. Mzee aliyakumbuka majina kwa mpangilio ule ule wa safari yake na Mihayo, na Chilongani akayaandika chini ya kila picha.

"Bonde la Nyati," akaandika Chilongani, akisoma kwa sauti.

"Bonde la Nyati Mgonjwa," Mzee akamsahihisha. "Nyati mzima hana bonde, ana msitu wote."

Jioni kila picha ikawa na tarakimu zake na jina lake. Chilongani akazihamishia katika simu ya Nyamizi, zikatokea kwenye ramani kama mbegu zilizomwagwa.

"Sasa nenda ukairine mizinga," Mzee akamwambia mtani wake.

"Mimi? Nyuki? Mzee, mimi ni mtu wa kutafuta mizinga kwenye kioo. Nyuki mmoja akinikaribia, mtanizika hapa hapa, na hamjui kuwazika Wagogo."

Katika ukoo ule, mwanamke hakupata kupanda mti wa mzinga. Nyamizi akasimama, akachukua kamba ya baba yake na mwenge wa kufukizia. Mzee aliisikia kamba ikitoka ukutani.

"Nani amechukua kamba?"

"Ni mimi, baba."

"Nilikuambia uichukue?"

"Hukuniambia. Na hukunikataza." Akaondoka pamoja na jirani yake, mke wa Katambi.

Walifika mahali pa kwanza palipoonyeshwa na simu. Hapakuwa na mzinga. Wakaenda pa pili. Hapakuwa na mzinga. Pa tatu palikuwa na kichuguu. Mke wa Katambi akasema, "Mgogo ametutania mpaka msituni. Turudi, dada." Mtandao haukuwapo wamwulize mtu yeyote.

Nyamizi akakaa juu ya kichuguu, akaitazama picha. Akaiona kofia ya mumewe, si kofia yenyewe bali kivuli chake, kimelala nyasini na kuelekea mbele. Akafungua picha nyingine, kivuli. Nyingine, kivuli. Ndipo akacheka peke yake.

"Kumbe hapa si penye mzinga," akasema. "Hapa ndipo mume wangu aliposimama na adabu zake. Picha imeshika alipo yeye, si ulipo mti. Saa ya picha ni ya asubuhi, jua lilikuwa mashariki mgongoni mwake. Kivuli kinaelekea magharibi, na mzinga uko kinakoelekea."

Wakaelekea magharibi kwa hatua za mtu anayehesabu pumzi. Na juu, katikati ya majani, ulikuwapo mzinga, umelala kifudifudi juu ya tawi, nyuki wakiingia na kutoka.

Nyamizi akapanda. Akafukiza, akarina, akaacha sehemu ya nyuki. Mti hadi mti, jina hadi jina, mpaka hapakubaki picha isiyopata mzinga wake. Alirudi nyumbani mikono na mapaja vimechunwa na magome na uso umevimba kwa miiba ya nyuki. Alichukua vifuniko vya mizinga, alivyoving'oa na kuziba mahali pake kwa magome, kimoja kimoja, akaviweka mapajani mwa baba yake. Mzee akapapasa. Mikato miwili iliyolala na mmoja uliosimama. Mikato miwili iliyolala na mmoja uliosimama.

Mihayo naye alikuwa ametoka hospitali, mkono wake umekauka na vidole viwili havikunjiki. Wakaketi wote watatu, yeye, Nyamizi na Chilongani, mbele ya Mzee.

Mihayo akasema: "Baba, mimi ndiye niliyetembea nawe. Kila mti niliingoja simu mpaka ikajua tulipo. Bila mimi, kompyuta ya Chilongani ingehifadhi miti bubu, na Nyamizi angefuata nini? Na huu mkono niliutia katika nta kwa ajili ya mizinga yako."

"Kwa ajili ya mizinga, au kwa ajili ya simu?" Chilongani akadakia. "Nani aliidondosha? Mzee, huyu aliweka mahali katika picha, kisha akazipika picha zenyewe kama maharage. Mimi ndiye niliyezivusha. Angezituma kwa WhatsApp kama alivyotaka, zingekuwa zimekufa kabla ya simu. Nimefuta harusi yangu mwenyewe! Mke wangu hadi leo akiniwekea chakula huniuliza kama namkumbuka sura."

"Ulikaa na picha hizo kimya," akasema Nyamizi, "mpaka uliposikia habari ya patasi."

"Nilipokea habari mbili kwa mdomo mmoja, dada: kwamba simu imekufa na kwamba kuna patasi. Ningeziba sikio lipi?"

Nyamizi akamgeukia baba yake. "Mume wangu aliweka mahali, lakini mahali pa miguu yake. Mgogo akapatunza, naye hakuthubutu kutoka kwenye kiti. Mimi nilifika hapo nikakuta kichuguu. Picha zilinionyesha nyasi. Mti niliutafuta mimi, na mti niliupanda mimi. Baba, ulisema atakayeirudisha mizinga. Ni nani aliyeigusa?"

"Uliigusa kwa njia niliyoipiga mimi," akasema Mihayo.

"Na niliyoitunza mimi," akasema Chilongani.

"Na mliyoikomesha nyasini wote wawili," akasema Nyamizi.

Uani ilikuwa imelala mizinga mipya ya msimu ujao, haijachanjwa alama, na huko msituni mtundu ulikuwa umeanza kutoa maua; nyuki hawangoji kesi za watu. Mzee Igulu Kasembe aliipapasa patasi kutoka mpini hadi makali. Mikono mitatu ilikuwa imenyooshwa kumwelekea; akaujua mkono wa mkwe wake kwa harufu ya dawa, na wa mtani wake kwa kutotulia, na wa binti yake kwa harufu ya moshi na asali. Kisha akainyoosha patasi mbele yake, akaishika hapo hapo hewani, akangoja.

Yeye hakuona mikono mitatu iliyokuwa mbele yake. Ninyi mmeiona yote: mkono ulioungua, mkono uliofuta harusi, na mkono uliochunwa na magome. Patasi ni moja, na alama haibebi wawili.

Je, mngemwelekeza Mzee Igulu Kasembe aiweke katika mkono upi?