Uzi Mwekundu wa Nguchiro

Paukwa!

(Pakawa!)

Nikisema mniitikie, nikinyamaza mnisukume.

(Sema, masikio yetu yako wazi!)

Hapo kale, Nguchiro alifungua duka kwenye njia panda. Akauza mtama, karanga na mchwa wa kukaanga. Mjanja yule, nawaambia. Mteja akija mara ya kwanza, anatazamwa anapenda nini. Akija mara ya pili, anafungwa uzi mguuni: mweupe kwa wala mtama, mweusi kwa wala karanga, mwekundu kwa wala mchwa. Akija mara ya tatu, hajafungua mdomo, chake kimeshawekwa tayari.

Kuku mmoja aliyeitwa Tembe, mama wa vifaranga sita, alifurahi mno. Kila alikopita alisimulia kwamba Nguchiro anamjua kuliko jogoo wake. Akawapeleka na vifaranga, wote sita wakafungwa uzi mwekundu kama wake. Akasema asante. Jamani, alisema asante!

Siku moja Tembe alikwenda mapema, akamwona Fisi dukani. Akajibanza nyuma ya gunia pale mlangoni. Fisi alikuwa akieleza anachopenda yeye: nyama laini, yenye mafuta.

"Nimeshakupangia," Nguchiro akamwambia. "Wala mchwa ndio wanono. Jioni simama hapo njia panda. Usihangaike na sura ya mtu. Ukiona uzi mwekundu, beba."

Tembe akaganda. Akahesabu nyuzi za nyumbani kwake, zikafika saba. Ninyi mnaonisikiliza, mngefanyaje? Mimi ningezirai hapo hapo.

Fisi alipoondoka, Tembe akaingia. Akaomba mchwa wa chini kabisa ya chungu, ila akataka Nguchiro atoe sumu kwanza. Ndiyo desturi: mwenye chakula huonja mbele ya mlaji. Nguchiro atakataaje? Akaingiza kichwa chunguni. Akaonja mara moja. Akaonja mara mbili. Mara ya tatu akanogewa, akasahau kutoa kichwa. Tembe akadonoa uzi wake hadi ukakatika, akaufunga kwenye mkia wa Nguchiro. Kisha akakimbia nyumbani kukata za watoto.

Jioni Nguchiro akafunga duka, akatoka. Fisi akamdaka.

"Niache, ni mimi mwenye duka!"

"Uliniambia nisihangaike na sura," Fisi akasema, akambeba.

Tembe alilisikia yowe lile. Hakucheka. Aliwakagua watoto miguu, akarudia, akarudia tena.

Hata leo mpe kuku chakula, cha bure kabisa. Ataparua chini kwa mguu huu, ataparua kwa mguu ule, ndipo adonoe. Bado haamini kwamba uzi umetoka.

Ngano yangu naitua hapa njia panda. Anayeitaka aiokote, ila atazame miguu yake kwanza.

(Tumeshatazama!)