Nyanya Mdomoni mwa Kifaru

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, masufuria na timu za mpira, Pimbi alikuwa kocha wa watoto. Ndiyo, Pimbi huyo huyo anayeenea kwenye kikapu!

Katika timu yake alikuwemo Tinga, mtoto wa Kifaru. Mazoezini alicheza vizuri ajabu. Siku ya mechi, miguu kama imefungwa kamba! Kwa nini? Pimbi alitaka sana kujua. Basi siku moja akaacha kutazama mpira, akatazama kando ya uwanja.

"Piga! Usipige! Kushoto! Aah, mjinga wewe!" Kifaru alikuwa akinguruma, na Mama Kiboko akimsaidia.

"Ahaa," akasema Pimbi.

Mechi ilipokwisha, Kifaru akamjia. "Tumefungwa tena! Jumamosi tukifungwa na timu ya Nyani, mwanangu hachezi tena maisha yake yote."

Tinga akainama, machozi yakimlengalenga. Alipenda mpira kuliko uji.

"Mzee wangu," Pimbi akanong'ona, "goli letu limerogwa. Dawa ninayo, ila inataka wazazi wenye nguvu."

"Nguvu? Si mimi hapa!"

Jumamosi kila mzazi akapewa nyanya mbivu. "Ishikeni mdomoni. Ikipasuka kabla ya filimbi ya mwisho, tumekwisha!"

Mpira ukaanza. Kimya! Kifaru alitoa macho, jasho likimtiririka. "Mmmh! Mmmh!"

Tinga akapata mpira, akamgeukia baba. Hakuna neno.

"Kocha, nipeleke wapi?"

"Wewe unaona nini?"

Tinga akainua kichwa. Kumbe mwenzake, Kiboko mdogo, yuko peke yake! Akampa pasi, fyuu, ikatoka nje. Akasubiri kutukanwa. Wapi!

"Umejifunza nini?" Pimbi akauliza.

"Nimetumia nguvu mno."

Dakika za mwisho akajaribu tena, taratibu. Kiboko mdogo akausukuma wavuni.

"Gooooli!" Kifaru akapiga kelele. Pwaa! Nyanya ikamtapakaa kifuani. "Mama yangu! Nimeimaliza timu!"

Prriii! Filimbi ya mwisho. Wameshinda!

"Kocha, mbona dawa imepasuka na tumeshinda?"

"Dawa gani, mzee? Hiyo ni nyanya ya sokoni. Goli halikuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa mdomo wako."

Kifaru akamtazama mwanawe, aliyekuwa akicheka kwa furaha. Aibu ikamshika.

"Na Jumamosi ijayo?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Uje na nyanya yako."

Nanyi wanangu, shikeni hili: mtoto hujifunza kufikiri pale mkubwa anapompa nafasi ya kukosea.