Chaki Kifuani mwa Ngailo

Nundu ya tairi haipasukii gereji. Wadogo zangu waliisikia methali hiyo kwa Fundi Mwalongo, wakadhani ni maneno ya kumuuzia mtu tairi jipya, wakaja kuniuliza mimi. Walifanya vizuri. Niliwakalisha juu ya matairi makuukuu, hapa hapa kwenye uwanja wa malori wa Makambako, nikawaambia kwamba methali hiyo ni mali ya ukoo wetu, na wakiisimulia kwingine wasisahau kusema kuwa sisi akina Ngailo hatuogopi hospitali. Tunaingia kule kama mtu anavyoingia sebuleni kwake, akauliza chai iko wapi.

Basi, nikawaambia, chanzo chake ni hiki.

Baba Mkubwa Ngailo alikuwa dereva wa lori la mbao, wa Makambako na Dar es Salaam. Mwaka mmoja alikwenda kutibiwa kikohozi kisichoisha, akapigwa picha ya kifua. Mapafu yalikuwa mazima. Lakini Daktari Bupe aliona jambo jingine: ule mshipa mkuu wa damu unaotoka moyoni ulikuwa umetanuka mahali pamoja, umetoa nundu kama tairi lililochoka. Siku moja ungeweza kupasuka, na ukipasuka mtu hapati hata nafasi ya kuaga.

Baba Mkubwa aliposikia hayo alitoka nje mbio, akaacha koti lake kwenye kiti. Mkewe, Mama Mkubwa Anyesi, ndiye aliyebaki kusikiliza.

Ukoo ukakutana. Wengi walitaka apasuliwe wiki ile ile, lakini Daktari Bupe akakataa. Alieleza kwamba kufungua kifua cha mtu ni hatari yenyewe, sawa na kubadili tairi mlimani, maana jeki nayo huteleza. Nundu ikiwa ndogo, jeki ndiyo ya kuogopwa zaidi. Basi wangoje, waipime kila baada ya miezi kadhaa, ameze dawa za kushusha presha, asibebe vitu vizito. Nundu ikifika ukubwa fulani, au ikianza kukua haraka, hapo yenyewe ndiyo itakuwa ya kuogopwa kuliko jeki, na hakuna kungoja tena.

Siku hiyo Baba Mkubwa alimpenda daktari kuliko ndugu zake wote. Kila kipimo kilipotoka vilevile alirudi uwanjani akitamba kwamba nundu yake ina adabu. Hadi kikaja kipimo kilichoonyesha kwamba adabu imekwisha. Ilikuwa imekua, tena kwa haraka. Daktari Bupe akasema wakati umefika: madaktari wa moyo kule Dar wanamsubiri, na usukani asiuguse hadi wamalize kazi yao.

Baba Mkubwa akasema haumwi. Ugali anakula, usingizi anapata. Ilipokuwa ndogo aliambiwa angoje, sasa ameshazoea kungoja anaambiwa akimbie? Lori lilikuwa limeshapakiwa mbao. Alitaka safari moja tu, akirudi ndipo aende kupasuliwa. Mama Mkubwa alimsihi, mchungaji alimsihi, na mimi nilipomsihi alinionyesha spana.

Asubuhi ya safari akaja uwanjani. Hapa kwetu dereva haondoki kabla hajazunguka lori lake akipapasa kila tairi kwa kiganja. Lenye nundu linachorwa msalaba wa chaki na kushushwa, hata kama bado linabingirika. Na mkali wa desturi hiyo kuliko wote alikuwa yeye mwenyewe. Akapapasa, akapapasa, akafika tairi la mbele. Kiganja kikasimama.

Fundi Mwalongo akaja kutazama. Akasema nundu yenyewe bado changa, Dar itafika, watalibadilisha lori likirudi.

"Mwalongo," Baba Mkubwa akamwambia, "umewahi kuona nundu inapasukia gereji?"

"Sijawahi, kaka."

"Inapasukia wapi?"

"Kitonga, kwenye mteremko."

"Na mzigo mgongoni. Haya, lete chaki."

Chaki ikaletwa, lakini aliyeipokea ni Mama Mkubwa Anyesi, ambaye alikuwa amemfuata kumsihi mara ya mwisho. Hakuligusa tairi. Alimsogelea mumewe akamchora msalaba mkubwa kifuani, juu ya shati lake la safari.

"Na hii, Baba Oresta, inapasukia wapi?"

Baba Mkubwa alitazama shati, akatazama tairi, akarudi kwenye shati. Alitupa macho huku na huku kama anayetafuta mtu wa kucheka naye, asimpate.

"Mimi bado natembea, Mama Oresta," alisema polepole.

"Hata hilo tairi linatembea."

Akatoa funguo mfukoni, akamkabidhi dereva mwenzake, Mgaya. Tairi likashushwa, jipya likafungwa, na siku hiyo Baba Mkubwa aliteremka Kitonga akiwa abiria, akimkosoa Mgaya kila kona.

Upasuaji ulikula karibu mchana mzima. Waliikata sehemu iliyovimba, wakaunga bomba la kitambaa maalumu mahali pake. Daktari aliyetoka kutupa habari alisema ukuta wa mshipa ulikuwa umekonda kama ganda la kitunguu, na kwamba mgonjwa wetu ameletwa kwa wakati wake, si mapema mno, si kwa kuchelewa.

Siku aliporudi Makambako aliingia uwanjani kwa miguu yake. Malori yote yalipiga honi, hata lile lililokuwa juu ya mawe halina injini, maana betri yake ilikuwa nzima. Vigelegele vikafika hadi sokoni.

Tangu hapo, mtu akisema ufa wa nyumba yake atauziba baada ya masika, hapa kwetu anaulizwa kama aletewe chaki. Nundu ndogo ipime, uiangalie. Ikianza kukua, ishushe ukiwa bado na jeki na watu wa kukusaidia. Nundu ya tairi haipasukii gereji.

Nilipoona wadogo zangu wametulia vizuri, nikawaongezea mchango wangu mwenyewe: kwamba hospitali iliomba ndugu watoe damu, nami nikawa wa kwanza kunyoosha mkono, sindano ikaingia, wala sikupepesa jicho. Mama Mkubwa Anyesi alikuwa nyuma yetu akichambua maharage. Hatukuwa tumemwona.

"Gaudensi," alisema bila kuinua macho, "damu nilitoa mimi. Wewe uliiona sindano ikiwa bado kwenye karatasi yake, ukaanguka. Wakaniinua mimi kitandani ili wakulaze wewe. Na soda yangu ukainywa."