Kivumbasi Kilichotaka Jina

Sogeeni wajukuu, mwenye sikio la umbeya akae mbele. Bi Mwanahawa, mke mkubwa, alimwonea wivu mke mwenziwe Somoe kwa kupendwa na bwana. Akaenda porini kuchuma kivumbasi cha kuogea, apendwe yeye. Na kivumbasi hakichumwi bila kutajiwa jina. Atakayetajwa ndiye atakayependwa.

Kikamuuliza, "Nani apendwe?"

"Si Somoe."

"Nani apendwe?"

"Si Somoe, anayecheka kama bata."

"Nani apendwe?"

"Nishakwambia, we jani, si Somoe."

Jina lake mwenyewe hakulitaja hata mara moja. Akaoga, akanukia. Bwana akaingia, akanusa, macho yakamlegea. "Mwanahawa," akasema, "nimemkumbuka Somoe." Akatoka mbio.

Mimi nilikuwa uani napeta mchele. Mengine waulizeni majirani.