Waliogonga kwa Mpangilio

Wapendwa, asubuhi hii nina habari chungu, na sitaitia sukari.

Alikuwepo injinia mmoja, kazi yake kusafisha sauti kwa kompyuta. Ukimpa rekodi ya harusi iliyojaa jenereta na upepo, anakurudishia sauti ya bibi harusi peke yake. Hakuwa mtu mbaya. Nalisema hilo mapema.

Siku moja shimo la dhahabu likaporomoka, wachimbaji saba wakafukiwa. Injinia akaitwa. Akachomeka vinasa sauti kwenye mwamba ili asikie kama chini kuna walio hai. Tatizo likawa pampu za kuvuta maji. Zilidunda kutwa, na kuzizima haikuwezekana, maji yangewazamisha wale watu. Basi akaiagiza programu yake: sauti yoyote inayojirudia kwa mpangilio, itambue, uifute. Pampu zikapotea. Akabaki anasikiliza kimya.

Pale palikuwa na mwanamke anaitwa Nyamizi, mumewe yuko chini. Amelala kifudifudi, sikio kwenye mwamba.

"Injinia, wanagonga."

"Ni pampu hizo, mama."

"Pampu gani inagonga mara tatu halafu inanyamaza?"

"Mama, mimi sauti ndiyo niliyosomea. Mashine hii inasikia kuliko sikio lako. Chini hakuna mtu."

Niwaulize, ninyi mngemwamini nani? Semeni kweli, tuko mbele za Mungu. Mkuu wa uokoaji alimwamini injinia. Siku ya nne katapila lililokuwa likichimba njia likaondolewa. Mchungaji wa huko akaletwa, akaombea udongo.

Wiki moja baadaye injinia anaandika ripoti. Akafungua rekodi ya mwanzo, ile ambayo haijasafishwa. Katikati ya pampu akasikia: ko, ko, ko. Kimya. Ko, ko, ko. Siku ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Wale wachimbaji walifundishwa kazini kwamba mkifukiwa, gongeni mara tatu, pumzikeni, gongeni tena, msibadilishe. Wakatii. Na kwa kuwa walitii, programu ikawaweka kundi moja na pampu, ikawafuta. Haikuharibika. Ilifanya ilichoagizwa. Na vinasa havikuchomolewa mpaka kesho yake, kwa hiyo hilo nalo alilisikia: baada ya katapila kuondoka, waligonga kwa muda wa saa tisa nyingine.

Akaenda kwa Nyamizi, kompyuta kwapani, machozi yanamtoka.

"Mama, nimewasikia. Walikuwa hai. Naomba usikilize, na unisamehe."

Nyamizi akamtazama. "Mimi niliwasikia wakiwa hai. Nikisikiliza tena leo, nani atatoka?"

Akafunga mlango.

Wapendwa, mnamwonea hasira injinia? Haya. Sasa tujitazame sisi. Anayepiga yowe mara moja tunamkimbilia na viatu mkononi. Lakini anayelia kila siku, kwa sauti ileile, maneno yaleyale? Yule mjane anayesimama kila Jumapili kusema shemeji zake wamemnyang'anya shamba: tunafanyaje? Tunatazamana, tunasema, "Ameanza tena." Mkeo amekwambia miaka saba kwamba nyumba hii inamuua, na wewe umeshamzoea kama feni. Tumemfuta mtu kwa sababu amedumu kulia. Angelia kwa fujo, labda tungemsikia. Kosa lake ni uaminifu.

Na msidhani nimesimama hapa nikiwa msafi. Iko namba moja kwenye simu yangu siipokei, miezi sasa, kwa sababu najua atakachosema. Juma hili haikuita hata mara moja. Nikafurahi. Mnanisikia? Mchungaji wenu alifurahi.

Ibada ikiisha msinisubiri mlangoni tushikane mikono. Naenda kupiga simu, na sijui kama kuna wa kupokea. Na wewe unaye wako. Nenda.