Kopo Moja, Boti Mbili

Mtu mmoja alikuwa na wake wawili na boti mbili. Aliishi kisiwani, katika ziwa kubwa, na jina lake lilikuwa Bwire. Boti zile zilikuwa za faiba, nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi, za kwenda kwa tanga, zilizoachwa na wageni waliokuwa wakizichezea ziwani kila Jumapili hadi walipochoka wakarudi kwao. Zilikuwa zimezeeka hata kabla hazijawa zake. Ile kubwa aliipa nyumba ya mke mkubwa, Nyabise. Ile ndogo akaipa nyumba ya mke mdogo, Kabula. Kila nyumba ilivusha mihogo yake kwenda soko la ng'ambo kwa boti yake, na ilichokula ndicho boti yake ilichorudi nacho.

Bwire alisifika kwa jambo moja: hakupendelea. Akinunua kitenge, alinunua viwili vya ua moja. Akichinja mbuzi, alisimama juu ya nyama na kisu mkononi mpaka mafungu mawili yalingane, hata maini. Wanaume wenzake wenye wake wawili walikuwa wakiambiwa nyumbani waende wakajifunze kwa Bwire. Naye alizipenda sifa hizo kuliko alivyojua mwenyewe.

Ukafika mwaka ambao boti zote mbili zilianza kuvuja. Bwire alizipandisha ufukweni, akazikagua moja baada ya nyingine. Ile kubwa ilikuwa na tumbo pana na ilitulia kwenye mawimbi. Mtu angeweza kusimama ndani yake akavaa koti bila kuyumba. Ile ndogo ilirukaruka, ikamlowesha kila aliyeipanda, na wanawake wawili waliweza kuiburuta mchangani. Kwa macho, hakuna ambaye angeichagua ndogo. Lakini Bwire alizigonga kwa mpini wa kisu. Ile ndogo ilitoa sauti kavu, ngumu, kila mahali, isipokuwa kwenye ufa mmoja chini ya mlingoti. Ile kubwa ilitoa sauti ya boga lililooza. Alibonyeza sakafu yake kwa kidole gumba, ikabonyea. Mbao zilizofichwa ndani ya faiba zilikuwa zimekunywa maji miaka mingi, na miaka yote hiyo yeye alikuwa akipaka rangi juu yake.

Gundi ya faiba ilikuwa imebaki kopo moja tu katika duka la Mwanza, na kopo hilo ndilo alilokuwa nalo mkononi. Alijua la kufanya. Kopo zima lingeiponya ile ndogo, nyumba zote mbili zingevuka nayo kwa zamu, na ile kubwa ingekatwakatwa. Alijua pia kitakachosemwa. Wangesema Bwire ameiponya boti ya mke kijana na kuivunja ya mke aliyemkubali yeye alipokuwa bado hana kitu. Aliuwazia uso wa Nyabise atakapoambiwa, akauogopa. Basi akachukua vikombe viwili vinavyofanana, akamimina gundi, akainama kuchungulia usawa wake kama mtu anayepima dawa. Kitambaa cha faiba cha kubandika juu ya ufa, alichonunua pamoja na gundi, akakikata katikati.

Ufa wa ile ndogo ulihitaji kitambaa chote, ukapata nusu. Ile kubwa haikuhitaji chochote, maana ilikuwa imekwisha, nayo ikapata nusu. Juu ya zote mbili akapaka rangi ya buluu. Wake zake walikuja kutazama, kila mmoja akaangalia ya kwake, kisha ya mwenzake, na hakuna aliyefungua mdomo kulalamika. Bwire aliona kazi imekwisha vizuri. Alikula kwa hamu siku ile.

Tangu mgongo wa Bwire uanze kumsumbua, aliyeshika usukani wa ile boti kubwa alikuwa Nyafuru, binti wa kwanza wa Nyabise. Asubuhi moja alipakia magunia, akapandisha tanga, akaondoka. Upepo ulikuwa wa kawaida. Hakukuwa na dhoruba, ndugu zangu, msije mkamsingizia Mungu. Akiwa bado anaonekana kutoka ufukweni, mlingoti ulizama kupitia sakafu ile laini kama kijiti kwenye uji, na maji yakaingia.

Bwire aliona. Alikimbia na mgongo wake mbovu, akaisukuma ile ndogo majini, akavuta tanga kwa nguvu zote. Boti iliruka kwenda mbele, nayo ilikuwa nyepesi na ya haraka, ingefika. Lakini ule ufa ukaachia. Kiraka kilibanduka chote pamoja na rangi yake ya buluu, na boti ikaanza kujaa. Alimwona binti yake ameshikilia gunia. Alimsikia akimwita. Alichota maji kwa mikono, na maji yakawa mengi kuliko mikono. Watu wa mitumbwi walipofika walimkuta Bwire peke yake, amekumbatia mlingoti.

Msibani watu walikaa mpaka nje ya uzio. Walimpa pole, wakasema ni ajali, na mmoja wao akakumbusha jinsi mzee huyu alivyokuwa mtu wa haki, hata gundi aliigawa sawa kwa sawa. Hapo ndipo Nyabise alipoinua kichwa. Kabula alikuwa amemshika bega, naye analia. Nyabise hakupaza sauti.

"Baba Nyafuru," alisema, "ungeniambia boti yangu imekufa, ningelia, ningekununia, halafu ningempakia mwanangu katika ile ya mwenzangu."

Waliokuwa wakimsifu walitazama chini, na uji uliokuwa ukigawiwa ukapoa vikombeni.

Nanyi mnaonisikiliza, mnaokata kila kitu katikati ili pasiwepo wa kuwalaumu: siku mnaposhika kisu, mnamwokoa nani?